Samaki gani, wa kilo ngapi: zebaki na sahani ya mjamzito Dodoma

Mama mjamzito wa Dodoma akishasikia kwamba samaki wana zebaki, ile metali yenye sumu, wa kwanza kuondoka mezani ni dagaa. Ndio aliowazoea, ndio anaowamudu, basi ndio anaowaacha. Papa mkavu anayeletwa na shemeji akitoka Tanga au Dar es Salaam anabaki, maana ni zawadi, na akiungwa kwa nazi nani atamkataa? Ushauri umesikika, ila umetekelezwa kinyumenyume: mwenye zebaki kidogo kabisa ameachwa, mwenye nyingi kuliko wote anaendelea kupikwa.

Kwa hiyo sisi tunaowashauri wajawazito na kina mama wenye watoto wadogo tumejifunza kutotamka neno samaki likiwa peke yake. Unataja jina la samaki, ukubwa wake alipokuwa mzima, na mara ngapi kwa wiki. Kama huna hayo matatu, afadhali unyamaze, kwa sababu ukimya wako hautamnyima mtu protini, madini joto, vitamini B12 na yale mafuta ya omega-3 ambayo ubongo wa mtoto unayahitaji. Kwenye mkoa ambako mboga ya siku nyingi ni mlenda, kumwondolea mama dagaa ni hasara ambayo huwezi kuifidia kwa maneno.

Zebaki inafikaje kwenye minofu

Zebaki hutoka kwenye volkano, kwenye makaa ya mawe yanayochomwa viwandani, na kwenye dhahabu inayochomwa na wachimbaji wadogo, ambao kwa sasa shughuli yao ndiyo inayotoa zebaki nyingi hewani kuliko shughuli nyingine yoyote ya binadamu duniani. Ikishapanda husafiri mbali, kisha hushuka na mvua baharini, maziwani na mabwawani. Ikiwa katika hali hiyo, samaki hawaichukui kwa wingi. Kazi mbaya inafanyika chini, kwenye tope lisilo na oksijeni, ambako bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki. Hii huingia mwilini kirahisi na kutoka kwa shida. Viumbe vidogo vya majini huinyonya, samaki wadogo huvila hivyo viumbe, wakubwa huwala wadogo, na kila anayekula anarithi akiba ya aliyeliwa. Samaki mla samaki aliyeishi miaka mingi anaweza kuwa na zebaki zaidi ya mara milioni moja ya ile iliyomo kwenye maji anamoogelea. Dagaa hana muda huo. Maisha yake ni mafupi, chakula chake ni vile viumbe vidogo, akiba yake ni ndogo.

Methili-zebaki hujishika kwenye protini ya nyama yenyewe, haikai kwenye mafuta wala kwenye ngozi. Hapa ndipo jikoni panapokosewa. Kuna sumu nyingine za samaki, kama mabaki ya DDT, dawa ya kuua wadudu, ambazo hukaa kwenye mafuta, na hizo ukitoa ngozi na mafuta umepunguza kitu. Kwa zebaki hupunguzi chochote. Kuloweka kwenye ndimu au siki, kuchemsha na kumwaga supu ya kwanza, kukaanga mpaka akauke, kumbanika: zebaki iko palepale. Tena kukausha kunaizidisha kwa uzito, kwa sababu maji yanaondoka na yenyewe inabaki. Karibu robo tatu ya samaki mbichi ni maji. Papa aliyetiwa chumvi na kuanikwa mpaka akawa mgumu, gramu 100 zake zinaweza kubeba zebaki ya gramu 200 hadi 300 za papa mbichi. Na huku bara papa anafika akiwa mkavu, mbichi hafiki.

Watu huuliza pia kuhusu bwawa la Mtera. Bwawa likijazwa kwa mara ya kwanza, majani, miti na udongo uliofunikwa na maji huoza, oksijeni hupungua chini, na wale bakteria hupata sherehe. Samaki wa bwawa jipya huweza kupanda zebaki kwa miaka kadhaa. Mtera si bwawa jipya, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na samaki wake anayeuzwa zaidi ni perege, ambaye hali samaki wenzake. Perege wa Mtera ni chakula kizuri cha mjamzito. Kambale ni habari nyingine kidogo: anakula kila kinachopita, samaki wadogo wakiwemo, na anaishi muda mrefu. Kambale wa kadiri hana neno. Yule mnene ambaye muuzaji anamkata vipande kwa panga, mwachie baba mkwe.

Kwa nini mtoto aliye tumboni

Methili-zebaki ikishikana na kiungo fulani cha protini hufanana na asidi ya amino ambayo mwili unaihitaji, hivyo kondo la nyuma huipitisha likidhani ni chakula. Damu ya kitovu huonyesha kiwango kikubwa kuliko damu ya mama mwenyewe, kwa wastani karibu mara 1.7. Ubongo wa mtoto wakati huo unajijenga: seli huzaliwa sehemu moja na kusafiri kwenda zinakotakiwa kukaa. Zebaki huvuruga safari hiyo, na seli ikishakaa pasipo pake hairudi.

Dunia ilijifunza haya kwa gharama kubwa. Huko Minamata, Japani, kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga maji taka yenye methili-zebaki kwenye ghuba, na ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Lililowashangaza madaktari ni kwamba mama angeweza kuwa na dalili ndogo au asiwe nazo kabisa, na mtoto wake akazaliwa na ubongo ulioharibika vibaya. Irak mwaka 1971 na 1972 watu walisaga na kuoka mikate kwa ngano ya mbegu iliyokuwa imepakwa dawa yenye methili-zebaki. Hapo hata samaki hawakuhusika. Hivyo vilikuwa viwango vikubwa, na si vya kulinganisha na mlo wa mtu wa Kizota au Chang'ombe hapa Dodoma.

Tafiti mbili za viwango vidogo ndizo zinazotusaidia zaidi. Kwenye visiwa vya Faroe, watu walikula samaki lakini walikula pia nyama ya nyangumi wa aina ndogo, ambayo ina zebaki nyingi. Watoto waliopata zaidi tumboni, walipopimwa wakiwa na miaka 7, walikuwa nyuma kidogo kwenye lugha, usikivu na kumbukumbu. Kwenye visiwa vya Shelisheli, jirani zetu wa Bahari ya Hindi, kina mama walikuwa wakila samaki karibu mara 12 kwa wiki, na watoto wao wakafuatiliwa kwa miaka. Madhara ya wazi na ya kudumu hayakuonekana. Tofauti haiko kwenye kula au kutokula vya baharini. Iko kwenye nani yuko juu ya mlolongo wa nani anamla nani, na kama chakula hicho kinakuja na virutubisho vya kutosha au zebaki tupu.

Neno moja kwa wahudumu wenzetu. Kwa kiwango kidogo, mtoto huzaliwa bila alama yoyote, kwa hiyo kusema "mbona amelia vizuri" hakuthibitishi kitu. Lakini na kinyume chake ni kweli: mtoto wa miaka miwili asiyesema, hapa Dodoma, mtafutie kwanza upungufu wa damu, masikio yenye usaha, shida wakati wa kuzaliwa, malaria kali, utapiamlo. Kurukia zebaki kwa sababu mama alikula jodari mara tatu ni kumbebesha mzazi hatia isiyo yake.

Hesabu yenyewe

Mwaka 2003 kamati ya wataalamu ya FAO na WHO iliweka kikomo cha mikrogramu 1.6 za methili-zebaki kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki. Marekani hutumia kikomo kikali zaidi, mikrogramu 0.1 kwa kilo kwa siku, yaani 0.7 kwa wiki. Mama wa kilo 60 basi ana nafasi ya mikrogramu 96 kwa wiki kwa kipimo cha kwanza, na 42 kwa kipimo cha pili. Mtoto wa kilo 12 ana 19 au 8 na kitu.

Sasa chukua viwango vya wastani vilivyopimwa kwenye samaki wanaouzwa Marekani. Jamii ya perege na jamii ya sadini ni kama miligramu 0.013 kwa kilo (miligramu moja ni mikrogramu 1,000). Jodari wa kopo wa aina nyepesi ni 0.13. Jodari wa pezi la njano 0.35, jodari wa macho makubwa 0.69. Papa 0.98, na nduaro karibu 1. Namba za samaki wetu haziwezi kuwa hizohizo mpaka desimali, lakini mpangilio haubadiliki, kwa sababu unatokana na nani anamla nani.

Gawanya. Kwa perege, mama yule wa kilo 60 angehitaji kula zaidi ya kilo 7 kwa wiki ili akifikie kikomo cha FAO na WHO, na zaidi ya kilo 3 kwa kile kikali cha Marekani. Hakuna anayekula hivyo. Kwa papa mbichi, kikomo kinafika kwenye gramu 98, kipande kimoja cha kawaida. Kwa kipimo cha Marekani ni gramu 43. Kwa papa mkavu gawanya tena kwa mbili au tatu. Mtoto wa kilo 12 anamaliza nafasi yake ya wiki nzima kwa gramu 20 za papa mbichi, ambazo ni tonge moja lenye kitoweo. Perege yuleyule, mtoto huyo angeweza kula gramu 650 kwa wiki hata kwa kipimo kikali. Ukimwonyesha mama hesabu hii kwenye karatasi, mara nyingi huhitaji kuhubiri.

Dagaa wakavu huwatia watu wasiwasi kwa sababu tumesema kukausha kunazidisha. Ni kweli kunazidisha, mara tatu hadi nne. Chukua 0.013, zidisha mara nne, unapata karibu 0.05. Mama wa kilo 60 bado angehitaji zaidi ya gramu 800 za dagaa wakavu kwa wiki kwa kipimo kikali. Konzi moja ya dagaa wakavu ni kama gramu 25 hadi 30.

Vikomo hivi ni wastani wa muda mrefu, si mlo mmoja. Nusu ya methili-zebaki iliyomo mwilini huchukua karibu siku 50 kutoka, nusu ya iliyobaki siku 50 nyingine, na kuendelea. Aliyekula papa harusini akiwa na mimba ya miezi mitano hajamwua mtu. Mwambie aendelee na maisha, asirudie kila Jumapili. Kwa sababu hiyohiyo, anayepanga kushika mimba ndiye mwenye faida kubwa ya kubadili samaki mapema, miezi kama sita kabla. Wengi hufika kliniki kwa hudhurio la kwanza wakati ubongo wa mtoto umeshaanza kujengwa, na zebaki wanayokuja nayo ni ya miezi iliyopita.

Ukifika sokoni

Orodha nyingi zinazobandikwa ukutani zimetolewa nje na kutafsiriwa. Zina samaki ambao hakuna mtu wa Majengo wala Sabasaba aliyewahi kuwaona, na papa hatajwi kwa jina analoitwa na muuzaji. Tunapendekeza utumie majina ya mezani kwako.

Wanaoliwa bila wasiwasi, mara mbili hadi tatu kwa wiki na hata zaidi: dagaa wa Mwanza, dagaa wa Kigoma, dagaa wa baharini, perege, sato, kibua, sadini za kopo, tasi, pono, kamba na ngisi. Kipimo cha mjamzito ni kiganja chake bila vidole, unene wa kiganja hichohicho. Hiyo ni gramu 100 na ushee. Kama lengo ni omega-3, chagua dagaa na kibua mbele ya perege na sato, ambao ni protini nzuri lakini mafuta hayo kwao ni kidogo.

Wa mara moja kwa wiki, na wiki hiyo usiongeze mwingine wa kundi hili: sangara, migebuka, kolekole, changu mkubwa, kambale wa kadiri, jodari wa kopo. Sangara wa Ziwa Victoria amepimwa tangu miaka ya 1990, kwa hofu ya dhahabu inayochimbwa kandokando ya ziwa, na mara nyingi amekutwa chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, ila kadiri anavyokuwa mkubwa ndivyo zebaki inavyopanda. Kwa hiyo nunua sangara mdogo mzima, wa kilo moja hadi tatu, kuliko bonge lililokatwa kwenye sangara wa kilo 30. Kuhusu kopo la jodari, soma kopo lenyewe: lililoandikwa skipjack ni samaki mdogo, lililoandikwa albacore lina zebaki kama mara tatu zaidi.

Wa kuacha mpaka mtoto azaliwe na amalize kunyonya: papa wa kila aina, nduaro, sulisuli, jodari mkubwa anayekatwa vipande vyekundu, nguru mkubwa, chewa mkubwa. Watoto wadogo pia wasipewe.

Tatizo ni kwamba samaki wa baharini akifika huku ni kipande, si samaki. Muulize muuzaji swali moja tu: "Kaka, huyu akiwa mzima alikuwa wa kilo ngapi?" Muuzaji mzuri anajua, na hana sababu ya kukudanganya kwa kuwa kwake ukubwa ni sifa. Papa anajitambulisha mwenyewe: hana miba, ana gegedu nyeupe katikati inayokatika kwa kisu, ngozi yake inakwaruza kama msasa ukipapasa kuelekea kichwani, na akichemka hutoa harufu ya mkojo. Ukishindwa kutambua kipande, chukua samaki unayeweza kumbeba mzima mwenye kichwa na mkia. Samaki wengi wanaotosha kwenye sufuria moja ya nyumbani hawajafikia umri wa kukutia hofu.

Jambo linaloharakisha kuleta shida kuliko zebaki ni samaki kukosa barafu. Jodari na kibua wakikaa joto njiani, bakteria huzalisha histamini ndani ya nyama, na histamini haiondoki kwa moto. Mtu anakula, na ndani ya saa moja uso unakuwa mwekundu, mwili unawasha, moyo unakwenda mbio, kichwa kinauma. Tumesikia hali hiyo ikiitwa sumu ya zebaki. Siyo, zebaki ya samaki haifanyi kazi kwa saa. Samaki aliyeganda, akayeyuka, akagandishwa tena, mwache hata kama ni bei ya kutupa, na kama mjamzito amepata dalili hizo aende kituo cha afya.

Mtoto na kijiko chake

Kuanzia miezi sita mtoto anaweza kula samaki. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, mlo mmoja ni kama gramu 28 za samaki aliyeiva, vidole viwili vya mama kwa urefu wa pingili mbili. Miaka 4 hadi 7 ni gramu 57, miaka 8 hadi 10 ni gramu 85, miaka 11 ni gramu 113. Hivyo ndivyo mwongozo wa Marekani unavyosema, mara mbili kwa wiki, kwa samaki wa kundi la kwanza.

Kwa nyumba nyingi za huku, samaki wa mtoto ni unga wa dagaa. Chambua, toa vichwa na matumbo. Hapo hutoi zebaki, unatoa mchanga, ambao hukaa humo na ndio unaomfanya mtoto ateme uji. Osha kwa maji ya uvuguvugu, ukibadilisha mpaka chini ya beseni pasibaki chenga. Anika kwenye kichanja, kamwe si chini. Kaanga bila mafuta kwenye moto mdogo mpaka dagaa akivunjwa kwa vidole alie, halafu twanga na uchekeche kwa chujio la chai. Miba iliyobaki juu rudisha kinuni. Weka kijiko kimoja cha chakula kwenye bakuli la uji ulio karibu kuiva, uchemke dakika tano. Usiuchanganye ndani ya unga wa lishe utakaokaa mwezi: mafuta ya dagaa huchacha, unga wote unakuwa mchungu, mtoto anakataa, na mama anasema mtoto hapendi dagaa. Saga wa wiki moja au mbili, uhifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko.

Vidonge vya mafuta ya samaki vina zebaki kidogo, kwa kuwa zebaki haikai kwenye mafuta. Ila mafuta ya ini la samaki, la papa au la chewa wa kaskazini, yana vitamini A nyingi, na mjamzito akizidisha yuniti 10,000 kwa siku anamhatarisha mtoto kwa njia nyingine kabisa. Asome chupa, au asinunue.

Zebaki ambayo haikuja na samaki

Kwa Kanda ya Kati, tukiambiwa kuna mjamzito mwenye zebaki nyingi mwilini, hatuanzi na jikoni kwake. Tunaanza na kioo chake cha kujipodolea, kisha tunauliza mume anafanya kazi wapi.

Krimu za kung'arisha ngozi, na mkorogo unaochanganywa saluni, huweza kuwa na zebaki isiyo ya methili. Hupita kwenye ngozi, huharibu figo, na mtoto huipata kwa kubebwa, kulalia mto wa mama na kunyonya kifua kilichopakwa. Chukua kopo usome: maneno mercury, mercurio, calomel, mercuric au mercurous yana maana moja. Onyo la kwamba krimu isigusane na dhahabu, fedha au alumini nalo ni ishara, kwa sababu zebaki hushikana na metali hizo. Kopo lisilo na orodha ya viambato kabisa halifai hata kufunguliwa. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unahusu vipodozi hivi pia, na hapa nchini ukaguzi wa vipodozi uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

Upande wa dhahabu, Singida ina Sekenke, Sambaru na Londoni, na vijijini kwenye mialo kama hiyo, yaani maeneo ya kuchenjulia dhahabu, hatari kubwa ni moshi. Zebaki ikimezwa ikiwa kimiminika, utumbo huichukua kidogo mno; ikichomwa, mapafu huchukua karibu asilimia 80 ya mvuke, nao hupita kwenda kwenye ubongo na kwa mtoto tumboni. Donge la dhahabu likichomwa kwenye kikaango jikoni, mvuke hutua ukutani, kwenye paa na kwenye vyungu, na huendelea kupanda kila nyumba inapopata joto. Mjamzito na watoto wasiwepo, wala uchomaji usifanyike nyumbani; uchomewe nje, mbali na makazi, kwa retoti inayokamata mvuke. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Zebaki isiwekwe kwenye chupa ya soda. Na kambale wa dimbwi lililo chini ya marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha chenjuliwa, asiliwe na mjamzito, awe mdogo au mkubwa, kwa sababu tope la hapo linapata zebaki moja kwa moja.

Ikifika kupima, kosa la kawaida ni kuagiza mkojo kwa kila mtu. Mkojo huonyesha zebaki ya krimu na ya mvuke. Zebaki ya samaki hutoka zaidi kwa choo kikubwa, kwa hiyo mla papa atapata majibu mazuri ya mkojo na atarudi kwenye papa wake akiwa na karatasi. Kwake agiza damu, au nywele. Nywele zikatwe kisogoni, karibu kabisa na ngozi, zifungwe uzi upande wa shina ili maabara ijue pa kuanzia: kila sentimita moja ni karibu mwezi mmoja. Nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha au rangi hazitoi jibu la kuaminika, na rasta za bandia zitolewe kwanza.

Majibu yakiwa juu, tiba kwa aliyekula samaki ni kubadili samaki na kungoja zile siku 50 zipite mara kadhaa. Dawa za kuvuta metali mwilini hazinunuliwi dukani wala hazipewi mjamzito bila daktari wa sumu, na za kienyeji za kusafisha damu zipo ambazo zenyewe zimekutwa na metali nzito. Mama aendelee kunyonyesha: methili-zebaki hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo kuliko ilivyopita kwenye kondo la nyuma.